Kuitembelea Pemba: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa Wete, na kwa miaka mingi sasa naishi bara. Kila ikikaribia likizo, wenzangu wa kazini na jamaa zao hunipigia simu kuuliza habari za Pemba, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, kama ninavyomjibu ndugu anayetaka kwenda kwetu.

Je, Pemba ni kama Unguja, ila ndogo?

Hapana. Anayekwenda akiwa na picha ya Nungwi kichwani atasumbuka. Sehemu kubwa ya Unguja ni tambarare, na mashariki yake kuna fukwe ndefu zisizokatika. Pemba ni vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga, na pwani yake imepindapinda ikajaa hori na mikoko. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani. Ukikitazama kutoka dirisha la ndege utaona hawakukosea.

Kipo kilomita 50 hivi kaskazini ya Unguja, na urefu wake ni kilomita 67. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano, wengi wao wakulima na wavuvi. Hoteli za ufukweni zinahesabika kwa vidole. Hutakuta mitaa ya maduka ya vinyago, wala muziki wa usiku kucha. Unguja unaweza kukaa wiki nzima bila kuongea na mwenyeji ila anayekuletea chakula. Pemba haiwezekani. Utasalimiwa njiani, utaulizwa umetoka wapi, na utakaribishwa. Ukilipenda hilo, kisiwa kimekufaa.

Nafikaje?

Kwa ndege ndogo kutoka Unguja ni nusu saa hivi, na uwanja uko karibu na Chake Chake. Kwa bahari, boti za abiria hutoka Unguja kwenda bandari ya Mkoani, kusini ya kisiwa. Anayetoka Dar es Salaam kwa kawaida hupitia Unguja. Boti haziendi kila siku na ratiba hubadilika, basi ulizia wiki hiyo hiyo unayosafiri, na nauli lipa kwenye ofisi ya kampuni, si kwa kijana anayekufuata bandarini. Kutoka Tanga nako huwepo safari, chache zaidi.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na Pemba hakuna mji wala kijiji ambacho hakikufikiwa na msiba ule. Ukiona chombo kimejaa, au hakina majaketi ya kuokolea maisha, shuka. Nauli uliyolipa iache iende. Na usipande jahazi la mizigo kwa kuwa ni rahisi. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kusi, upepo wa kusini, likichachamaa mawimbi yake hayamjui mgeni wala mwenyeji.

Miezi ipi ni mizuri?

Epuka masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei. Mvua ya Pemba ni mvua kweli, na barabara za udongo za kwenda mashamba hazipitiki. Juni hadi Septemba kuna kusi: hewa ni ya baridi kidogo na vilima ni vya kijani, lakini bahari huchafuka. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, bahari hutulia na maji huwa meupe, ila joto ni kali.

Mimi ningechagua baina ya Septemba na Novemba kabla vuli haijashika, kwa sababu ya karafuu. Nitaizungumzia chini.

Nahitaji hati gani?

Mtanzania beba kitambulisho, kwa kuwa bandarini na uwanjani utaulizwa. Mgeni kutoka nje ya nchi awe na pasipoti, na aulizie mapema bima ya safari ya Zanzibar, ambayo wageni wa nje wamelazimika kuikata tangu Oktoba 2024.

Siku ngapi zinatosha?

Nne ni chache, sita zinatosha, kumi ni neema. Wengi huja kwa siku mbili, wakazimaliza barabarani, kisha wakasema Pemba haina kitu.

Fukwe nzuri ziko wapi?

Kaskazini kabisa, rasi ya Kigomasha. Upande wa mashariki wa rasi kuna Vumawimbi, na jina linajieleza: utayasikia mawimbi yakivuma kabla hujaiona bahari, kwa sababu njia hutokea msituni. Mchanga ni mweupe na laini, umepinda kama mundu, na siku ya kazi unaweza kuutembea wote usikutane na mtu ila wavuvi wanaovuta dau. Hakuna duka wala kivuli cha kukodi. Beba maji na chakula, na taka zako rudi nazo. Upande wa magharibi kuna Verani, ambako jua huzama baharini, na mwisho wa rasi kuna mnara wa taa wa zamani, wa chuma. Kusini magharibi kuna Wambaa, kwa anayekaa upande wa Mkoani.

Mbona nilifika ufukweni nikakuta maji yameondoka?

Kwa sababu hukuuliza bamvua. Maji ya pwani yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, yakaacha mchanga mtupu mbali mno. Katikati ya hapo kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, basi ukiogelea leo saa nne asubuhi, kesho yatakuwa tayari karibu na saa tano. Muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama saa.

Maji kupwa nayo si hasara. Ndio wakati wa akina mama kuchokoa pweza na kuokota chaza kwenye miamba, na ukiomba kwa adabu kufuatana nao utaona mambo ambayo hayapo kwenye safari yoyote ya kulipia. Vaa viatu, kwa ajili ya mawe makali na miba ya wanyama wa baharini.

Misali ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni kisiwa kidogo kisicho na wakaazi, magharibi ya Chake Chake. Boti hukodiwa Wesha au Mkoani. Kimehifadhiwa tangu 1998, na matumbawe yake ni miongoni mwa yaliyobaki hai zaidi katika mwambao huu. Kasa hupanda pwani zake kutaga, na usiku hutoka kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa yeyote uliyewahi kumwona sokoni. Huhitaji kujua kuzamia kwa mitungi. Miwani ya maji na mrija vinatosha, kwani hatua chache kutoka mchangani utakuta samaki wa rangi zote, na mbele kidogo ukuta wa mwamba unaoshuka mpaka macho yanakoma.

Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika hapo, akakosa msala wa kusalia, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake; ndiyo asili ya jina. Kuna mapango ambayo watu huyaheshimu mpaka leo. Usiingie bila mwenyeji, usipige kelele, usichukue kitu. Wavuvi waliokubali kuacha kuvua sehemu ya maji yale walikubali kwa sababu ya imani hii kama walivyokubali kwa sababu ya sheria, nami naamini imani ndiyo iliyoshika zaidi.

Mwaka mmoja niliwapeleka watoto wa dada yangu. Nahodha tuliyeelewana naye kwa simu alifika na majaketi mawili kwa watu saba. Tulirudi nyumbani, watoto wakilia. Siku ya pili tulipata mwengine aliyekamilika, na ikawa siku wanayoitaja hadi leo. Yahesabu majaketi kabla hujakanyaga boti.

Nasikia kuna popo wakubwa. Nitawaona wapi, na je, wana madhara?

Popo wa Pemba hapatikani porini popote pengine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa yanafika mita moja na nusu, au zaidi kidogo. Uso wake ni kama wa mbweha, manyoya ni ya rangi ya kutu, na macho makubwa yanakutazama. Hanyonyi damu wala hagusi mtu: anakula matunda na maua, na mbegu anazozidondosha njiani ndizo zinazoupanda msitu upya.

Nilipokuwa mdogo popo aliwindwa na kuliwa, na misitu ilikuwa ikikatwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, hata wataalamu wakahofia wamekwisha. Waliookoa jambo ni wanavijiji walioamua kulinda miti wanayolala. Mahali rahisi pa kuwaona ni Kidike, si mbali na Chake Chake kwa njia ya Wete, ambako kijiji kinalinda eneo lake na kutoza kiingilio. Ulipe kwa moyo.

Nenda kwenye saa kumi za jioni. Kwanza utadhani ni matunda makavu yananing'inia. Kisha moja linajinyoosha, linafungua bawa na kuanza kujipepea kama mtu mwenye upepeo, na mara unaona mti mzima unapepea. Wanagombana, wanasukumana, mama amemkumbatia mtoto kifuani ndani ya bawa. Jua likizama wanaondoka mmoja mmoja, halafu kwa makundi, kimya. Usipige makofi ili waruke, hata kama kiongozi wako mwenyewe atakwambia ufanye hivyo. Kuwarusha mchana kunawachosha, na mtoto anaweza kuanguka.

Msitu wa Ngezi una wanyama gani?

Usitarajie simba wala tembo. Ngezi ni kipande kilichosalia cha msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba, na thamani yake imo katika miti na ndege. Kuna mivule mikubwa, na kuna mpapindi, mnazi wa mwituni ambao asili yake ni Pemba. Tumbili ni wengi, paa wadogo wapo ukinyamaza, na kuna kima punju wachache waliotokana na wale walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Kwa ndege, Pemba ina aina nne zisizopatikana pengine: ninga, kibundi mdogo, chozi, na ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe machoni. Kibundi husikika magharibi ikiingia. Waombe walinzi wa msitu wakutembeze jioni, na beba tochi. Chukua muongozaji wa pale pale langoni, si wa mjini.

Magofu yapi niyaone?

Ukiweza moja tu, liwe Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake. Hapa ndipo palipokuwa na ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Watu bado wanamzungumzia kana kwamba alikufa juzi. Wanasema alikuwa dhalimu: aliwalazimisha watu wabebe mawe kichwani huku wakisota kwa makalio. Kuna kisima ambacho, kwa masimulizi, kiligawiwa wake wawili wasiopatana: mmoja aliteremka kwa ngazi, mwengine aliteka kwa kamba kutoka juu, wasionane. Kuta zimeanguka na majani yamefunika mengi. Ukienda bila mzee wa kukusimulia utaona mawe tu.

Ras Mkumbuu iko mwisho wa rasi ndefu, na ni rahisi kuifikia kwa boti siku ya Misali. Kuna msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo. Chwaka, karibu na Tumbe, nako kuna msikiti na makaburi. Mtambwe Mkuu hakuna kikubwa cha kutazama, lakini mwaka 1984 palifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, nyingi zimechorwa majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Watu wetu walikuwa wanapiga pesa zao wenyewe karne nyingi kabla Mreno hajaiona Afrika Mashariki. Makumbusho iliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake inayaeleza haya vizuri, na ndipo pa kuanzia.

Naweza kuona karafuu zikichumwa?

Ukija msimu wake, hutahitaji kutafuta. Utainusa barabara nzima. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka, inapoanza kupata wekundu. Wachumaji hupanda juu kabisa kwa kamba, na matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Kila mwaka kuna anayeanguka. Jioni nyumba nzima hukaa ukumbini kuchambua karafuu na makonyo, watoto wamo, hadithi zinaendelea, na vidole vinanata. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa, na mvua ikitishia utaona watu wakiacha chakula mezani kukimbilia majamvi yao. Iliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio mkavu, na ukiiminya kwa ukucha hutoa mafuta.

Ukielezwa historia yake, iulizie yote. Mashamba ya mwanzo yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Tufani ya 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka kwetu. Wanunuzi ni shirika la serikali, ZSTC, basi usikubali kuuziwa gunia njiani: hiyo ni magendo, na utakayemponza ni mkulima. Za zawadi nunua zilizofungwa dukani. Wawi, nje kidogo ya Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, na wageni huruhusiwa kuingia.

Mchezo wa ng'ombe bado upo? Anauawa?

Upo, na hauawi. Huchezwa baada ya mavuno, katika miezi ya joto, vijijini kama Kengeja, Wingwi na Chwale. Fahali hufungwa kamba, mchezaji humkaribia na kitambaa, zumari na ngoma zikipigwa, na wanawake wakiimba. Wengi husema tumeurithi kwa Wareno, na zamani ulihusishwa na kuomba mvua. Watu huumia kweli, basi kaa mahali wazee walipokaa. Tarehe haitangazwi mbali: uliza madereva wa daladala.

Ni kweli kisiwa kina uchawi? Na Popobawa je?

Naulizwa hili kuliko yote, mara nyingi kwa kicheko, nami hujibu bila kucheka. Waganga wapo kama walivyopo pwani nzima, na kuna watu wanaotoka mbali kuja kutibiwa. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku, ilienea kisiwa kizima. Watu walilala nje kwa makundi, wakikoka moto. Mimi nililala uani nimebanana na bibi yangu, na nakumbuka mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka. Ile haikuwa ngano kwake. Kwa hiyo tafadhali, usimuulize mwenyeji wako mambo haya ili upate kisa cha kuhadithia. Akipenda, atakueleza mwenyewe.

Nivae vipi? Na wakati wa Ramadhani?

Mjini na kijijini, mwanamke afunike mabega na magoti, na kanga begani haimkoseshi kitu. Mwanamume asitembee kifua wazi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni kwenye hoteli. Pwani ya kijiji, ogelea na nguo. Pombe karibu haipo, isipokuwa hoteli chache. Ramadhani migahawa hufungwa mchana na hupaswi kula hadharani, lakini ukialikwa futari usikatae. Salamu ni kabla ya kila kitu: mkubwa ni shikamoo, na ukiingia nyumbani kwa watu piga hodi, ungoje.

Nile nini?

Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo wa nazi. Shelisheli likichomwa makaa hadi ganda ligeuke jeusi, likapasuliwa moshi ukitoka, na kuliwa na samaki wa kuchoma, ni chakula ninachokiota huku bara. Halua ya Wete niletee. Doriani ukipata msimu wake ulile nje ya gari, kwa harufu yake.

Usafiri wa ndani na pesa?

Daladala huunganisha Mkoani, Chake, Wete na Konde, ila huadimika jioni. Kwa Vumawimbi na Ngezi kodi gari au bodaboda. Mashine za benki zipo mijini, na mawakala wa pesa za simu wapo hadi vijijini. Lakini beba noti ndogo ndogo, maana mwenye boti hatakuwa na chenji. Ukiugua, hospitali kubwa ni ya Abdalla Mzee, Mkoani, na zipo pia Chake na Wete. Lala ndani ya chandarua.

Nimealikwa nyumbani kwa watu. Nipeleke nini?

Sukari, majani ya chai, mchele au sabuni. Mkabidhi mama wa nyumba mkononi. Usigawe peremende na pesa kwa watoto njiani. Kama unataka kuwasaidia, peleka madaftari skuli, kwa mwalimu mkuu. Na siku ya kuondoka utafungiwa kitu nawe, pengine mayai, pengine nazi au kifurushi cha karafuu. Kipokee, hata kama mkoba umejaa.